Kuku wa Saranda na Treni ya Mchongoko

Treni ya mchongoko huondoka Dar es Salaam bila mabehewa kuvutana. Abiria aliyeinamia simu yake hajui kama safari imeanza mpaka ainue macho aone mapaa ya Buguruni yakirudi nyuma, kisha Vingunguti, kisha vilima vya Pugu. Baada ya hapo dereva huiachia. Kioo kilicho ndani ya behewa huonyesha mwendo kwa tarakimu, na abiria wa mara ya kwanza huzisoma kwa sauti: 120, 140, 158. Ilipotokea 160, mtoto mmoja kwenye behewa letu alipiga makofi na watu wazima kadhaa wakamfuata.

Reli hii, ambayo Watanzania wengi huiita SGR tu, ilianza kujengwa mwaka 2017. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilianza kubeba abiria Juni 2024, treni zikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Mchongoko, treni za Kikorea zenye pua iliyochongoka iliyozipa jina, zilifuata Novemba. Nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma ilipangwa kuwa shilingi 31,000. Safari ambayo basi huimaliza kwa saa nane au zaidi, kutegemea foleni ya Kibaha na mizani za barabarani, treni ya haraka huimaliza kwa takriban saa tatu na nusu.

Ndani ya behewa kuna kila aina ya watu. Watumishi wa wizara wamefungua kompyuta mpakato. Tangu Serikali ihamie Dodoma, na sheria ya mwaka 2018 kuutangaza mji huo kuwa makao makuu ya nchi, wapo wenye familia Dar es Salaam na ofisi Mtumba, na treni imewapunguzia nusu ya adha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wamelala, nyaya za muziki masikioni. Mama mmoja anampeleka mwanawe Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa miadi ya siku hiyohiyo, na ana hakika ya kuwahi. Mzee wa Kongwa, aliyekuja mjini kwa harusi ya mjukuu, anamwambia jirani yake: "Zamani ukisema unakwenda Dodoma na kurudi leoleo, watu wanakuuliza kama umenunua ndege."

Mhudumu alipita na kitoroli: maji, soda, biskuti, karanga za pakiti. Dirisha halifunguki, kwa sababu kuna kiyoyozi na kwa sababu hakuna mtu wa kutoa mkono dirishani kwa mwendo ule. Hapo ndipo mawazo yangu yalipohama. Mimi nimekulia Tabora, kwenye kota za reli, na kwa watu wa reli ya kati dirisha la treni lilikuwa duka. Nilipanda mchongoko nikiwa na nia ya kushuka Dodoma, kuunga na reli ya zamani, na kwenda kuwatazama wachoma kuku wa Saranda.

Njia yenyewe ni ya kale kuliko reli zote mbili. Kabla ya Wajerumani, misafara ya Wanyamwezi ilishuka kutoka Unyanyembe, nchi ya Tabora, hadi Bagamoyo ikiwa na pembe za ndovu mabegani, ikarudi na nguo na shanga. Ilipopita Ugogo, nchi kame yenye visima vya kuhesabika, watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na wanakijiji wakauza maji na nafaka. Msafara wa mamia ya watu ukitua jioni unataka kula, na mwenye chakula aliyeishi kando ya njia alijua thamani ya jioni hiyo. Wajerumani walipoanza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905, kwa sehemu kubwa waliifuata njia ya misafara, na Wanyamwezi waliokuwa wakibeba pembe sasa wakachimba tuta na kubeba mataruma. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulipuka.

Kwa hiyo mwanamke anayemuuzia chakula msafiri katika nchi ya Wagogo hakuletwa na treni. Alikuwepo. Treni ilimletea wateja wengi zaidi, kwa saa inayojulikana, mahali pasipohama.

Morogoro ilipita na milima yake ya Uluguru ikiwa imejifunika ukungu. Abiria wachache walishuka, wengine wakapanda, milango ikajifunga. Kisha tukaingia Kilosa, na hapo lazima niseme kwa moyo mmoja kwamba reli mpya ni neema.

Anayeijua reli ya zamani anajua kwamba kati ya Kilosa na Gulwe ndipo ilipokuwa ikivunjika mgongo. Imejibanza kando ya Mto Mkondoa, na kila masika mto ulidai sehemu yake. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikokota reli, yakaacha chuma kikining'inia hewani, yakawatoa maelfu ya watu wa Kilosa majumbani mwao na kuwaweka kwenye mahema. Treni zilisimama kwa miezi. Mzigo wa Kigoma ukapanda malori, na wengi waliopanda mabasi mwaka ule hawakurudi tena stesheni. Reli mpya imepandishwa juu, na mahali penye milima imepita ndani yake: mahandaki manne, yenye jumla ya kilomita mbili na nusu na ushei. Mchongoko unapoingia handaki, watoto hupiga kelele na madirisha hugeuka vioo vya kujitazamia.

Mbele kidogo, upande wa Mpwapwa, ni Igandu. Hakuna mtu wa reli wa rika langu anayepita hapo bila kukumbuka asubuhi ya Juni 24, 2002. Treni ya abiria iliyojaa ilishindwa kupanda mlima, breki zikakataa, ikaanza kurudi kinyumenyume ikiongeza kasi kilomita baada ya kilomita, mpaka ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Tabora ilikuwa na matanga mtaa kwa mtaa. Kwa siku nyingi watu walikwenda stesheni kusoma majina, na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa mizigo, aliyasoma kwa ajili ya wasiojua kusoma. Ninapoketi kwenye treni inayoongozwa kwa mitambo ya kisasa, kwenye njia iliyozungushiwa uzio, isiyokatizwa na barabara hata moja kwa usawa wa ardhi, ninawakumbuka wale. Sitamwelewa mtu atakayeniambia turudi tulikotoka.

Si kwamba mambo yote yamenyooka. Mwishoni mwa Julai 2024, kabla hata ya uzinduzi, treni ilikwama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli Tanzania likaeleza kwamba ngedere na bundi waligusa miundombinu ya umeme. Mitandao ilichangamka wiki nzima. Lakini mtu aliyelala siku mbili porini akisubiri kichwa kingine kitoke Tabora anajua kwamba kukwama saa chache si msiba.

Dodoma tulifika jua likiwa bado kali. Stesheni mpya ni kubwa, sakafu inang'aa, kuna ngazi zinazotembea zenyewe na mashine za kukagua mizigo. Nje kuna teksi, bajaji na bodaboda kwa utaratibu. Watu wa ubuyu na zabibu wapo pia, ila wapo mbali, nje ya uzio, wakimwita abiria ambaye tayari macho yake yanatafuta gari la kumfikisha nyumbani. Binti mmoja mwenye zabibu kwenye ndoo ya plastiki aliniambia abiria wa treni mpya hununua wakitoka, siyo wakiingia, kwa sababu wakiingia wana haraka na wanaogopa kuzuiwa na mzigo mlangoni. "Nusu ya biashara imebaki ndani ya geti," alisema, akanipimia kilo moja na kuniongezea kishada.

Reli ya zamani ina stesheni yake, na huko hakuna haraka. Familia zimetandika khanga na mikeka, madumu ya mawese tupu yanarudi Kigoma kujazwa, magodoro yamefungwa kamba. Kuna harufu ya chuma cha moto na dizeli ambayo kwangu ni harufu ya kufungua shule.

Miaka ya themanini, mtoto akifaulu kwenda sekondari ya Serikali alipangiwa mkoa wa mbali. Ndiyo ilikuwa sera: Mhaya akasome Songea, Mmakonde akasome Musoma, wakutane, wajuane. Mimi nilipangiwa Morogoro. Serikali ilitoa waranti, karatasi iliyogongwa muhuri ambayo ukiitoa dirishani unapewa tiketi ya daraja la tatu bila kulipa. Mwanzo na mwisho wa muhula treni ya kati iligeuka shule. Wanafunzi walijaa kwenye njia za katikati, juu ya masanduku ya bati, hata kwenye chumba cha vifurushi kama gadi alikuwa mtu wa huruma. Tuliimba, tukagombania dirisha, tukapendana na kuachana kabla ya Itigi. Nina rafiki wa Bukoba hadi leo ambaye sikusoma naye shule moja. Tulikalia sanduku moja.

Mama alinifungia viazi na yai la kuchemsha, na pesa ya njiani akaifunga kwenye ncha ya leso akiniambia nisiitumie. Hakuna mtoto aliyeitii amri hiyo mpaka Dodoma.

Tuliijua nchi kwa midomo. Stesheni za karibu na Tabora, Goweko na Nyahua, zilikuwa za asali ya miombo, iliyotiwa kwenye chupa za soda na kuzibwa kwa gunzi la hindi. Bahi ilikuwa samaki wa bwawani na mchele. Dodoma zabibu na karanga. Kilosa miwa, ndizi na machungwa kwa matenga. Hata mahali ambapo hapakuwa na stesheni, watoto walikimbia kando ya treni wakipiga kelele "Chupa! Chupa!", nasi tuliwatupia chupa tupu, ambazo wiki iliyofuata zilirudi dirishani zikiwa na asali au mafuta.

Lakini hakuna kilichosubiriwa kama Saranda. Hapo ndipo njia inapoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na kwa sisi tuliotoka Tabora ilikuwa mwisho wa mteremko. Mara nyingi tulifika usiku. Kabla treni haijasimama uliona koroboi, kumi, ishirini, hamsini, zikitembea gizani usawa wa madirisha. Kila koroboi ilikuwa juu ya sinia, na juu ya sinia kuku mzima wa kienyeji aliyekaushwa kwa moto wa kuni, ngozi imekuwa kahawia, chumvi na pilipili pembeni kwenye kipande cha gazeti. Majina ya kuku yalitajwa kwa kelele: jogoo, tetea, kifaranga mkubwa. Wanafunzi wanne tulichanga, tukanunua mmoja, tukamgawa kwa mikono gizani, na aliyepata paja alikuwa na deni la safari nzima.

Biashara hiyo ilikuwa na sheria zake, na hakuna aliyeziandika. Muuzaji hutoa kuku kwanza. Pesa hufuata. Kama treni imeanza kuondoka na chenji haijatoka, mtoto wa muuzaji hukimbia nayo kando ya behewa mpaka mkono wa abiria umeipokea. Walikuwepo abiria wasio waaminifu, waliovuta kuku ndani na kufunga dirisha, na wenzao ndani ya behewa waliwazomea mpaka wakalipa. Nimeona kwa macho yangu noti ikipitishwa mkono kwa mkono, behewa hadi behewa, ili imfikie mwanamke aliyekuwa amebaki nyuma karibu na bufee.

Treni ya zamani ilinifikisha Saranda kabla ya usiku wa manane, na nikashuka. Koroboi zimekwisha; sasa ni tochi za simu na taa ndogo zinazochajiwa kwa jua. Masinia yapo. Wanawake walikuwa wachache kuliko nilivyozoea, na waliniangalia kwa mshangao, kwa kuwa abiria hashuki Saranda. Hununua na kuendelea. Treni ilipoondoka palibaki moshi wa majiko na watu wakihesabu walichopata.

Mama mmoja mwenye miaka sitini na zaidi alinionea huruma, akanipa kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umeachwa na treni?"

Nilimweleza kwamba nimeshuka kwa hiari, na kwamba nilikula kuku wa hapa nikiwa mwanafunzi. Aliwaita wenzake. Ikawa mkutano.

Yeye alianza kuchoma kuku akiwa msichana, akimsaidia mama yake. Alinieleza kazi hiyo tangu mwanzo, na nilitamani watu wanaochora stesheni wangekuwepo kumsikiliza. Kuku wanatoka vijiji vya ndani, kwa wafugaji wenye kuku kumi au ishirini, wanaouza mmoja mmoja pale karo au dawa inapohitajika. Mchuuzi huwakusanya kwa baiskeli, siku hizi kwa pikipiki, kwenye matenga ya fito. Wachomaji hununua mchana, huchinja alasiri, huwachemsha kidogo kwa chumvi ili wasikauke, kisha huwaweka motoni wakisikilizia taarifa za treni kutoka kwa stesheni masta. Treni ikichelewa saa tano, moto hupunguzwa. Ikichelewa siku nzima, hasara ni ya mchomaji. Kuna muuza kuni, kuna anayechota maji, kuna vijana wanaobeba masinia kwa malipo ya kila kuku aliyeuzwa. Kuku mmoja anayeingia dirishani ameshapita mikono ya nyumba tano au sita.

"Watoto wangu wote wamesoma kwa kuku," alisema. "Mmoja ni mwalimu Singida. Mwingine yuko Dodoma, na anapanda hiyo treni yenu ya umeme."

Kilichowapunguzia biashara, walisema, hakikuanza na mchongoko. Kilianza treni zilipoanza kupungua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 shirika la reli la pamoja liligawanywa, vichwa vikazeeka, na mwaka 2007 uendeshaji ukakodishwa kwa mwekezaji kutoka India kwa mkataba uliovunjika miaka michache baadaye. Halafu lami ikatoka Manyoni hadi Tabora kupitia Itigi, na mabasi yakachukua abiria. Baadhi ya wanawake walihamia kwenye vituo vya mabasi. Wengine wamerudi shambani kulima alizeti. Waliobaki wanaishi kwa treni chache za wiki na kwa matumaini ya reli mpya, ambayo imefika Makutupora, jirani yao, na inaendelea kujengwa kuelekea Tabora.

Nilitegemea kukuta hofu. Sikuikuta. "Sisi hatuiogopi," alisema mwanamke mwingine, mwenye mtoto mgongoni. "Watu wanaokwenda haraka nao wanakula. Tunauliza tu itasimama wapi, na tukifika hapo tutaingilia mlango gani."

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Treni za haraka hazitasimama kila mahali, na hilo ni haki, maana mgonjwa wa yule mama wa Hospitali ya Mkapa hawezi kuchelewa kwa sababu ya jogoo wa kuchoma. Usalama nao hauna mjadala: sitaki mtoto akimbie na chenji kando ya treni ya kilomita 160 kwa saa. Uzio ubaki. Lakini stesheni ina eneo la kungojea, ina sehemu ya maduka, ina kitoroli kinachopita ndani ya mabehewa, na katika vyote hivyo mtu fulani ameamua nani auze na nini kiuzwe. Nilichokiona kwenye kitoroli kilikuwa bidhaa za viwandani tu. Hakukuwa na kitu hata kimoja kilichotoka kwenye ardhi tuliyokuwa tukipita juu yake.

Nyenzo za kulibadilisha hilo tayari zipo, na ni za kisheria. Halmashauri zote nchini zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za Serikali itengwe kwa makundi maalumu, na shirika la reli ni taasisi ya Serikali. Kikundi cha wachoma kuku kilichosajiliwa kinaweza kupeleka kuku waliofungashwa vizuri kwenye treni kama kampuni yoyote inavyopeleka biskuti. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji na ufungashaji. Shirika la Viwango linatoa alama ya ubora. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha, na wa kukubali kwamba kuku wa Saranda, asali ya Goweko na zabibu za Dodoma vina thamani hiyo.

Jirani zetu wametangulia kwenye njia hii. Kenya ilipofungua reli yake ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, miji iliyoishi kwa malori na mabasi, Mtito Andei ukiwa mmojawapo, ililalamika kwamba wateja wamepita bila kushuka. Lakini huko kuna pia treni ya Madaraka inayosimama njiani, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, na watu wa miji hiyo wanaitegemea. Kwetu pia treni za kawaida husimama stesheni nyingi kuliko za haraka. Zikipewa dakika kumi badala ya tatu kwenye stesheni moja au mbili zilizochaguliwa, zenye banda safi la kuuzia ndani ya uzio, safari itarefuka kwa muda ambao hakuna abiria atakayeulalamikia.

Na wakati bado upo. Mikataba ya kujenga kutoka Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, na Tabora hadi Kigoma ilisainiwa kwa nyakati mbalimbali tangu mwaka 2021, na mwaka 2025 ikafuata kazi ya kuiunganisha reli na Burundi kupitia Uvinza hadi Musongati. Hizo ni stesheni ambazo nyingi hazijawekwa hata bati. Watu watakaokula humo ni wa kwetu, na Warundi, na Wakongo wanaoshukia Kigoma na mizigo yao. Ni msafara uleule wa Unyanyembe, safari hii ukielekea pande zote mbili.

Asubuhi nilipata bodaboda hadi Manyoni na basi la Tabora. Kila mahali njia za mkandarasi zilikata pori: tuta jekundu, mitambo, vibanda vya mama lishe vilivyochipuka kandokando kulisha vibarua. Vibanda hivyo havikusubiri mchoro wa mtu. Palipo na watu wanaofanya kazi, chakula kimewafuata, na wanaokipika ni wanawake wa vijiji vya jirani, wengine wametoka Itigi kwa kusikia tu kwamba kuna kambi.

Tabora nilimtafuta kijana wa mtaani kwetu ambaye sasa ni fundi kwenye mradi. Nilimuuliza swali la wale wanawake. Alinichorea kwenye karatasi: hapa jengo, hapa ukaguzi, hapa maegesho. Akasema ndani ya uzio mpangaji ni shirika, lakini nje kidogo, pale abiria anaposhuka kwenye bodaboda kabla ya kukaguliwa, ardhi huwa ya halmashauri, na halmashauri ikiomba mapema njia ya miguu na banda la soko viunganishwe na lango, wahandisi huviingiza kwenye mchoro. Ikiomba jengo likishakamilika, huambiwa isubiri bajeti nyingine.

Jioni hiyo nilimpigia simu mama wa Saranda nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie polepole ili mjukuu wake aandike. Akauliza barua ya kuiomba halmashauri iandikwe kwa nani, Mwenyekiti au Mkurugenzi. Nikamwambia kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya ya Manyoni, nakala kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii na kwa diwani. Akasema diwani hana shida naye, ni mteja wake wa siku nyingi, na kwamba kikundi kitakaa Jumapili baada ya ibada kuchagua wa kuipeleka.